Sasa Anaivuaje?

Ilikuwa Juni, baridi ya Uyole, Mbeya, ile ambayo kikombe cha chai unakikumbatia kwanza ndipo unywe. Mjomba amekaa kwenye kochi, blanketi limemfika kidevuni. Kompyuta nimeiweka juu ya stuli, tunaangalia Iron Man ya kwanza, ya 2008. Tumefika pale pangoni: Tony Stark, tajiri wa silaha aliyetekwa, anafua chuma kwa nyundo, cheche zinaruka, jasho linamchuruzika.

"Huyu sasa ndiye mtu," mjomba akasema. "Huyu ni wa gereji."

Nikafurahi. Mjomba si mtu wa filamu. Kwa zaidi ya miaka ishirini alibeba magunia ya viazi, kwanza Njombe, halafu hapa Uyole, mpaka mgongo ulipokataa. Sasa anakaa kwetu, anahudhuria kliniki, na jioni hana pa kwenda.

Suti ikakamilika. Yule mwenzake akamfungia ndani, boliti moja baada ya nyingine, kwa spana. Chuma kikasimama, kikatembea, risasi zikawa zinadunda kama mvua ya mawe juu ya bati. Nikamgeukia mjomba nione anavyoshangilia.

"Sasa anaivuaje?"

"Subiri, mjomba."

Tukasubiri. Stark akaruka kwa moto wa miguuni, akapaa, moto ukazimika, akaanguka jangwani. Suti ikatawanyika mchangani vipande vipande. Akatoka.

"Kwa hiyo isingevunjika," mjomba akasema, "angefia humo."

Umeme ukakatika. Tukaenda kulala.

Hilo swali nimelala nalo wiki sita.

## Daftari

Nina aibu kidogo kulisema hili, lakini nina daftari. Nililianza nikiwa kidato cha pili, enzi za kibanda umiza cha Mwanjelwa, benchi la mbao, televisheni ya inchi ishirini na moja, na mtafsiri anayewasemea watu wote kwa sauti moja, wanawake na majini wakiwemo. Kila suti ya vita niliyoiona niliiandika: uzito, nguvu, silaha, inaruka au hairuki. Nikaipa alama. Baadaye, nilipoanza kusoma, nikaongeza za vitabuni, halafu za kwenye gemu. Kurasa zimechakaa, lakini hoja yake ilikuwa moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: kila kizazi cha deraya kinakishinda kilichotangulia. Zilianza nzito zikawa nyepesi. Zilianza na boliti, zikaishia kumiminika juu ya ngozi kama maji.

Safu ya "kuvua" haikuwemo.

Nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu mtoto wa kibandani haoti kuvua. Anaota kuvaa.

## Mahali pasipokunika

Nilianza upya kwa babu yao wote, riwaya ya Robert Heinlein ya 1959, Starship Troopers. Filamu yake ya 1997 niliiona pale pale Mwanjelwa, na miaka mingi baadaye, nilipokipata kitabu kwenye simu, nikahisi nimeibiwa. Filamu imewaacha askari na fulana za kuzuia risasi na helmeti. Kitabuni wamevaa deraya zinazowafanya waonekane kama gorila la chuma, wanaruka juu ya majengo. Aliyetengeneza filamu alilichukua jina na wadudu, akaiacha suti yenyewe ghalani!

Ufundi wa suti ya Heinlein ndio uliozaa karibu kila kilichofuata. Ndani yake kuna mamia ya vihisio vinavyogusana na mwili. Ukisukuma mkono, vihisio vinasikia msukumo, suti inasukuma pamoja nawe kwa nguvu kubwa zaidi, mpaka mwili wako usihisi tena kuzuiwa. Kwa hiyo huiendeshi kama gari. Unaivaa tu, nayo inakufuata. Michoro ya toleo la Kijapani la kitabu hicho ilikuwa miongoni mwa mbegu za Gundam, katuni ya televisheni ya Kijapani ya 1979, na huko suti ikakua hadi ikawa jengo zima lenye mtu kifuani.

Nilipokirudia kitabu nikitafuta kuvua, nilikuta kitu nilichokuwa nimekipita. Msimuliaji anasema ndani ya suti unaweza kufanya karibu kila kitu, isipokuwa kujikuna. Katikati ya mabega hapafikiki. Anaapa kwamba akiipata suti inayomruhusu kujikuna hapo, ataioa.

Nilimsomea mjomba, nikimtafsiria. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Huyo aliyeandika aliwahi kubeba," akasema.

Sijui kama aliwahi kubeba gunia, lakini jeshini alikuwepo, jeshi la majini la Marekani. Aliyempinga naye alikuwa askari. Joe Haldeman alijeruhiwa Vietnam, na The Forever War yake ya 1974 inazitazama suti hizo hizo kwa jicho la mtu aliyekaa hospitalini. Kwake deraya inaua wenyewe kabla ya adui. Mgongoni ina mapezi ya kutolea joto. Jisahau uegemee barafu ya ile sayari ya mazoezi, unalipuka. Kwenye daftari nilikuwa nimeiandikia "haina bahati". Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nisameheni.

Mgongoni tena, nikawaza. Kwa nini kila mara ni mgongoni?

## Kifua kwenye soketi

Iron Man wa kwanza kabisa, wa kwenye katuni ya Machi 1963, hakuwa mwekundu wala wa dhahabu. Alikuwa wa kijivu, mnene, kama pipa lililoota miguu. Toleo lililofuata likampaka dhahabu, na kabla mwaka haujaisha Steve Ditko akamchora upya, mwembamba, mwekundu na manjano, sura tunayoijua hadi leo. Ukitaka kuona mashindano ya vizazi yakikimbia ndani ya miezi kumi, ndiyo hayo.

Lakini kuna kitu cha 1963 ambacho nimekipenda zaidi sasa kuliko utotoni. Stark ana vipande vya chuma karibu na moyo, na bamba la kifuani ndilo linalovizuia visiufikie. Akivua mikono, miguu na helmeti, bamba linabaki. Analivaa chini ya shati na tai, kwenye karamu, ofisini. Na linahitaji chaji. Tajiri mkubwa wa silaha anajificha chumbani, anachomeka kifua chake kwenye soketi ya ukutani, anasubiri.

Angekuwa mkazi wa Uyole tungeshamzika.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la mjomba halikuwa la ufundi. Mimi nilikuwa nikijibu habari za boliti, mikono ya roboti inayomfungua Stark sakafuni kwake Malibu, sanduku linalokunjuka likawa suti kwenye filamu ya 2010. (Hata swali la haja ndogo lina jibu. Kwenye filamu hiyo hiyo Stark, amelewa, analijibu mbele ya wageni wake wa siku ya kuzaliwa, na analijibu kwa vitendo.) Mjomba alikuwa akiuliza kama mtu anatoka.

Na ukiuliza hivyo, alama zangu zote zinapinduka. Wale wanajeshi wakubwa wa mchezo wa Warhammer 40,000, ambao kidato cha pili ningewapa kumi kwa kumi, wamepandikizwa utando mweusi chini ya ngozi, wenye matundu ya kuchomekea deraya. Deraya unaweza kuivua, utando hauvuliki. Na shujaa wao akiumia kiasi cha kutopona, anawekwa ndani ya mashine iitwayo Dreadnought, anapigana humo mpaka mwisho. Nilimwonyesha mjomba picha.

"Huyo wamemzika," akasema, "ila wamesahau kufunika."

Kwenye Halo, gemu ya 2001, ni kinyume lakini ni kile kile: suti ya shujaa wake, Master Chief, ina uzito wa nusu tani na wepesi wa kutisha, na kwenye riwaya yake mtu wa kawaida aliyejaribu kuinua mkono ndani yake alivunjika, maumivu yakamfanya ashtuke, mshtuko ukaisukuma suti imvunje zaidi. Ili uivae lazima kwanza ufanyiwe upasuaji uwe mtu mwingine. Ukishakuwa mtu mwingine, kuvua kunakurudisha kwa nani?

## Deraya nyepesi kuliko zote

Upande wa mama sisi ni Wabena. Nilipokuwa nikimsifia mjomba suti ya Iron Man ya filamu ya 2018, Infinity War, ile ya chembechembe zisizoonekana kwa macho, zinazotoka kifuani kwa Stark na kumfunika kabla hujapepesa jicho, nilimwona ananiangalia kwa huruma.

"Haina uzito?"

"Haina, mjomba."

"Haina boliti?"

"Hakuna."

"Hiyo tulikuwa nayo."

Alimaanisha maji. Dawa ya Kinjeketile wa Ngarambe, maji yenye mtama na mafuta ya nyonyo, iliyotembea kutoka Rufiji ikapanda mpaka kwetu, na Septemba 1905 Wabena wakaenda nayo kwenye misheni ya Yakobi, Njombe. Unanyunyiziwa, risasi ya Mjerumani inageuka maji. Hakuna anayekuona umevaa kitu. Wewe mwenyewe husikii kitu.

Shuleni tulifundishwa habari hiyo kwa namna fulani ya kusikitika, kana kwamba wale watu walikuwa watoto. Sasa sina uhakika. Mwandishi wa Marekani anapotuambia kuna vumbi la mashine linalojipanga lenyewe kuwa ngao, mamilioni tunakaa kimya na bisi mkononi. Kinachonitia shaka ni kingine. Chuma kikitoboka unaliona tundu, unakimbia. Kikiwa kizito, kila hatua kinakukumbusha umevaa nini na kinaishia wapi. Deraya usiyoihisi haikwambii imeisha lini. Stark wa 2018 chembe zinamwishia akiwa katikati ya pambano na adui yake Thanos, kipande kwa kipande, na zile chache zilizobaki anazipulizia kwenye jeraha la tumboni kama bandeji.

Nilifunga daftari usiku huo. Kusema kweli nilifikiri makala imeisha: nzito ni nzuri kuliko nyepesi, asanteni. Ningeiandika hivyo, na ingekuwa ya uongo.

## Mkanda

Kliniki walimpa mjomba mkanda wa mgongo, ule mpana wenye vyuma vyembamba ndani, unaofungwa mbele kwa kunata. Maagizo yalikuwa mepesi: mchana ukifanya kazi, vaa. Usiku, vua.

Wiki ya tatu ya Juni niliamka kunywa maji nikaona taa ya chumba chake inawaka. Nikagonga. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limefunguliwa, mkanda upo.

"Shikamoo mjomba. Hujalala?"

"Marahaba. Nalala hivi hivi nimekaa."

"Na mkanda?"

Akanyamaza. Halafu akaniambia kwamba hajauvua usiku hata mmoja tangu aje. Akiuvua anahisi mgongo utamwagika kama gunia lililokatika kamba. Mwanzoni aliuvaa kwa sababu ya maumivu. Siku hizi maumivu yamepungua, daktari mwenyewe kasema, ila sasa anauvaa kwa sababu ya kuuvua.

Sikuwa na la kumjibu. Nilisimama pale na bilauri yangu.

Na kichwani mwangu, Mungu anisamehe, ilikuja filamu. Mwisho wa Iron Man 3, ya 2013: Stark anafanyiwa upasuaji, vipande vya chuma vinatolewa kifuani, ile taa iliyomweka hai anaitupa baharini. Amepona. Amevua. Miaka mitano baadaye, mwanzo wa Infinity War, anatembea bustanini na mchumba wake, na kifuani kuna taa tena. Mchumba anamwambia huhitaji hiyo. Yeye anaeleza kwamba hii si kama ile, hii ni ghala la chembe tu, ni tahadhari, ni kwa ajili yetu.

Nilikuwa nimeliona onyesho hilo labda mara tano. Kwenye daftari nimeandika: "Suti mpya, safi sana."

Mtu mzima, moyo wake mzima, amekwenda kujifunga upya kitu alichokitupa, na mimi nimempa tisa na nusu.

Mjomba ni Mlutheri wa Njombe, kila kitu kwake kina mstari. Nilipomsimulia hayo asubuhi, alinirudisha kwa Daudi. Kabla ya Goliathi, Sauli alimvika Daudi deraya yake ya kifalme, chapeo ya shaba na kila kitu. Daudi akajaribu kutembea, akaona haiwezekani, akavivua.

"Watu wote wanakumbuka jiwe," mjomba akasema. "Hakuna anayekumbuka alivua."

Nikamuuliza, basi wewe je? Akasema yeye si Daudi.

## Mashine ya kupakia

Kuna ukurasa mmoja wa daftari niliokuwa nimeukata kwa mstari. Filamu ya Aliens, 1986, mashine anayoivaa shujaa wake, mwanamke aitwaye Ripley. Niliikata kwa sababu haikuwa deraya: haina silaha, haina ngao, mwenyewe uso uko nje. Ni ya kupakia mizigo. Utotoni kupakia mizigo hakukuwa na heshima kwangu, na mjomba alikuwa anapakia mizigo kilomita chache kutoka benchi nililokalia.

Wiki iliyopita niliitafuta, nikamwekea.

Lakini kwanza nilimsimulia ile ya kweli, Hardiman. Mwaka 1965 kampuni ya General Electric ilianza kujenga suti halisi kwa fedha za jeshi la Marekani. Ilikuwa inyanyue kilo 680, nayo yenyewe ikawa na kilo kama hizo hizo. Walipoiwasha yote pamoja ilirukaruka vibaya kiasi kwamba hawakuthubutu kumweka mtu ndani. Mpaka mradi unaisha, kama 1971, kilichofanya kazi ni mkono mmoja, na mkono huo ulinyanyua karibu kilo 340.

"Hizo ni lumbesa ngapi?" mjomba akauliza.

Sheria ya vipimo inataka gunia la viazi lisizidi kilo 100. Lumbesa, yenye kile kilemba cha wavu juu, inavuka hapo kwa kadiri ya tamaa ya mnunuzi. Tukakadiria mbili na nusu.

"Mkono tupu?"

"Mkono tupu."

Alitafakari. "Mimi nilikuwa nachukua moja, lakini natembea."

Kisha tukaangalia Ripley. Anaingia, anajifunga, anainua kreti, anauliza aliweke wapi, wanajeshi wanacheka kwa mshangao. Mjomba alikaa mbele ya kochi. Aliniuliza kama ile miguu inaweza kupanda ubao wa Fuso. Aliuliza dereva analipwa kwa siku au kwa gunia.

Nikamwambia siri ya pale. Mashine ile haikuwa na nguvu yoyote. Ilining'inizwa na kushikiliwa, na nyuma ya mwigizaji, ndani kabisa ambako kamera haifiki, alisimama mwanamume mwenye nguvu aliyekuwa akiisogeza mikono na miguu.

"Kuli," mjomba akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Wamemficha."

Hakuonekana kukasirika. Alitingisha kichwa kama mtu aliyekutana na mwanakijiji mwenzake ugenini. Nikaendelea kuongea, nikamwambia kwamba hata kwenye Edge of Tomorrow, 2014, suti za waigizaji zilikuwa na zaidi ya kilo 30 na zilihitaji watu wa kuwavika na kuwavua. Hakunisikiliza. Alikuwa anatazama.

Tukafika mwisho. Ripley na yule malkia wa wadudu wameanguka pamoja kwenye shimo la mlango wa meli, mashine imelala juu ya mnyama. Ripley anajinasua kwenye mikanda, anatoka, anashika ngazi. Mlango unafunguka, mashine inaanguka angani pamoja na mnyama. Hata haitazami mara mbili. Anapanda.

"Rudisha," mjomba akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha pale anapotoka."

Niliinama kutafuta dakika kamili, maana kompyuta yangu ni nzito kuelewa. Nyuma yangu nikasikia mlio mrefu, kama mtu anachana kitambaa polepole, ukasita katikati, ukaendelea hadi mwisho. Sikugeuka. Nilibonyeza, Ripley akaanza tena kujinasua, na mjomba akauweka mkanda kwenye mkono wa kochi, karibu, mahali anapoweza kuufikia.